Homa Haikai Mwaka Mzima

Watu wangu, leo tuhesabu pamoja. Homa ya kawaida, ile unachukua kutoka kwa mtu mliyebanana naye kwenye matatu ya Kisumu, inakusumbua siku saba, kumi hivi, halafu inaenda zake. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma kidogo, lakini yenyewe imeshaondoka. Sasa wewe unaniambia uko na homa tangu kidato cha pili. Homa gani hiyo? Hiyo si homa. Hicho ni kitu kimekodisha chumba puani mwako na hakijawahi kulipa kodi hata siku moja.

Kinaitwa mzio wa pua. Mtaani tunasema aleji.

Naandika hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila nikipakia video lazima mtu aulize kwa nini naongea kama nimebanwa pua na kibanio cha nguo. Pua ikiziba, herufi m na n zinakufa. "Mambo" inatoka "babbo." Jina langu mwenyewe silitamki vizuri asubuhi. Mtu anayekula kwa mdomo wake, kwa maana ya kwamba kuongea ndiyo kazi yake, hiyo si shida ndogo. Ya pili ndiyo kubwa: dadangu mdogo yuko kidato cha tatu, na likizo iliyopita alikuja nyumbani akipumua kwa mdomo usiku kucha, na mama akamwandalia beseni ya mvuke na shuka la kujifunika, vile vile alivyoniandalia mimi miaka yote. Nikaona hii filamu nimeshaitazama, na sitaki ionyeshwe tena.

Kabla hujaniuliza: mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo kazi yangu ni simu, taa moja na mdomo. Lakini hii pua nimeishi nayo, nimeisomea, na nimeketi mbele ya watu wanaojua kazi yao nikawauliza maswali hadi wakachoka. Nitakupa wanachokubaliana wataalamu, na mahali ni maoni yangu tu nitakwambia.

Shida inaanzia kwenye neno

Sisi Wakenya tuna neno moja la kila kitu kinachotoka puani. Mtanzania akisikia "homa" anafikiria joto la mwili limepanda; pua ikivuja yeye anaita mafua. Sisi, mafua ni homa, mzio ni homa, baridi ya asubuhi ni homa. Tukitaka kuonekana tumesoma tunasema "sainasi." Na ukishaita kitu homa, umeshachagua na tiba yake: vaa sweta, kunywa tangawizi na ndimu, itaisha. Hakuna mtu hupanga safari ya hospitali kwa sababu ya homa. Kwa hivyo ugonjwa wa miaka kumi unatibiwa kwa akili ya siku saba.

Neno mzio lenyewe limebeba maana nzuri. Kwa Kiswahili, mzio ni kitu ambacho mtu hakili kwa sababu kinamdhuru, au ni mwiko kwake. Wote mezani wanakula samaki, wewe peke yako umewekewa mwiko. Ndivyo ilivyo hapa. Vumbi ambalo mwenzako analivuta bila habari, mwili wako wewe umelitia mwiko.

Na watu wasipojua jina la ugonjwa, wanakupa jina wewe. Nyumbani nilikuwa "mtoto wa kamasi." Shuleni ikawa mbaya zaidi. Nilisoma shule ya bweni ambayo sitaitaja, na macho yangu asubuhi yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatoa machozi. Niliitwa kwa ofisi. Sanduku langu likapekuliwa hadi chini wakitafuta bangi. Hawakupata kitu kwa sababu hakukuwa na kitu. Muhula uliofuata nikaambiwa nilete mzazi. Mama akafunga kibanda chake cha mboga siku nzima, akapanda gari mbili, akaja kuambiwa kwamba mtoto wake "ana dalili." Na kweli nilikuwa na dalili. Ni ugonjwa tu ndio hawakuujua. Njia yote ya kurudi stejini mama hakusema neno, na mpaka leo sijui kama siku hiyo aliniamini mimi au aliwaamini wao.

Kwa hivyo mtu akiniambia "si ni pua tu," namwacha tu.

Ndani ya pua kunatokea nini

Fikiria soja wa geti kwa ploti. Kazi yake ni kuzuia wezi. Sasa huyu soja wako siku moja alimwona mama wa maziwa, akaamua huyo ni jambazi. Tangu hapo, kila asubuhi mama wa maziwa akifika, soja anapiga filimbi, anawasha king'ora, anamwagia kila mtu maji. Mama wa maziwa hajafanya kitu. Vurugu zote ni za soja.

Soja ni kinga yako ya mwili. Inatengeneza kingamwili inayoitwa IgE, ambayo iligunduliwa miaka ya 1960 na timu mbili tofauti: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na watafiti wa Sweden. Hiyo IgE inajibandika kwenye seli fulani ndani ya ngozi laini ya pua. Kile kitu kilichotiwa mwiko kikiingia, seli zinamwaga kemikali, na maarufu kati yake ni histamini. Hapo ndipo unawashwa, unapiga chafya nane mfululizo, kamasi za maji zinatiririka.

Halafu kuna awamu ya pili, saa kadhaa baadaye, na hii watu hawaijui. Seli zingine za kinga zinakuja kusaidia, ngozi ya ndani inavimba na pua inaziba. Kumbuka hili, kwa sababu litakueleza kwa nini tembe fulani zinazima chafya lakini pua inabaki imefungwa kama duka siku ya maandamano.

Kuna wale watasema huu ni ugonjwa wa wazungu na watoto wa mayai. Hata wazungu wenyewe walidhani ni wa matajiri. Mwaka wa 1819 daktari Mwingereza, John Bostock, alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza ugonjwa uliokuwa ukimshika macho na pua kila kiangazi. Mgonjwa aliyemweleza alikuwa yeye mwenyewe. Ilichukua mpaka 1873 kabla Mwingereza mwingine, Charles Blackley, hajachapisha majaribio aliyojifanyia mwilini mwake kuonyesha kwamba chavua ya nyasi ndiyo inaleta balaa. Na huku kwetu? Utafiti mkubwa wa kimataifa unaoitwa ISAAC, ulioanza miaka ya 1990 kuhesabu watoto wenye pumu, mzio wa pua na ukurutu, ulihesabu pia wanafunzi wa Nairobi na Eldoret. Waliukuta. Eldoret si Ulaya.

Kakamega na pua yako

Huu mji naupenda, lakini tuseme ukweli, ni paradiso ya vitu vinavyosumbua pua. Tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, msitu uko hapo mlangoni. Unyevu haukauki. Na unyevu ndio chakula cha adui nambari moja.

Huyo adui ni utitiri wa vumbi. Si ule wa kuku unaokuwasha ukiokota mayai kwa kukhu, ingawa ni ukoo mmoja. Huu haukuumi. Ni mdogo, kama robo ya milimita, hauonekani kwa macho, na unakula vipande vya ngozi vinavyodondoka kutoka kwa mwili wako ukilala. Unaishi kwa godoro, mto, blanketi, kochi la kitambaa, zulia. Kinacholeta mzio hasa ni kinyesi chake, kinachogeuka unga na kupanda hewani ukigeuka kitandani. Ndiyo maana wengi wenu chafya zinawapata mkiamka, kisha mkadhani ni baridi ya asubuhi.

Wa pili ni ukungu, ule weusi kwenye kona ya ukuta wa nyumba za kupanga ambao landilodi anapaka rangi juu yake kila mpangaji akihama. Wa tatu ni mende. Wa nne ni chavua ya nyasi. Na hapa usiwaonee maua ya rangi yanayotembelewa na nyuki, kwa sababu chavua yao ni nzito na hairuki sana. Yanayosumbua ni yale yasiyopendeza kwa macho, nyasi za kawaida zinazotegemea upepo. Wa tano ni paka na mbwa.

Halafu kuna moshi wa kuni, vumbi la Januari barabara za ndani zikikauka, marashi, chaki. Hivi huwa havileti mzio wenyewe, ila vinachokoza pua ambayo tayari imewaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba ana "aleji ya moshi" na kumbe chanzo ni godoro alilorithi kwa binamu.

Utajuaje?

Watu wanadhani kupimwa ni lazima kuwe na mashine. Yule afisa wa kliniki aliyenijua shida yangu hakuwa na mashine. Alikuwa na maswali. Inaanza saa ngapi? Siku ngapi kwa wiki? Pua zote mbili au moja? Inawasha? Macho je? Kuna mtu kwenu ana pumu au ukurutu? Unalala juu ya nini? Ulipolala mahali pengine, ilipungua? Kisha akamulika tochi puani. Kwa mtu mwenye mzio, ngozi ya ndani mara nyingi imevimba na imepauka, haina ule wekundu wa homa. Akaniuliza kama najua kwa nini nina mstari mdogo juu ya pua. Ni kwa sababu ya kuifuta kwa kiganja kwenda juu, miaka na miaka. Watoto wengi wenye mzio wanao. Mwangalie mdogo wako leo.

Kuna mwongozo wa kimataifa unaoitwa ARIA, uliotoka 2001, ambao ni rahisi kukumbuka. Ikikushika zaidi ya siku 4 kwa wiki, na ikadumu zaidi ya wiki 4 mfululizo, huo ni mzio wa kudumu. Kisha unauliza: unanizuia kulala? Kusoma? Kufanya kazi? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, si mwepesi tena, na tiba yake si ya mwepesi.

Vipimo vipo, ila si kila hospitali inavyo. Kuna cha ngozi: unadondoshewa matone ya vitu mbalimbali mkononi, unachomwa kidogo juu ya kila tone, na ndani ya dakika 15 hadi 20 panapovimba panaonyesha unachokataa. Unatakiwa uache tembe za aleji siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo kitadanganya. Kuna pia cha damu kinachotafuta IgE. Lakini kipimo bila hadithi hakitoshi. Mtu anaweza kuonyesha IgE ya paka na hajawahi kupiga chafya mbele ya paka. Hadithi yako ndiyo kipimo cha kwanza, kwa hivyo ibebe vizuri: wiki mbili, andika kwa simu kila siku saa, mahali na dalili. Simu tunayo mkononi masaa yote, si itufanyie kazi.

Na kuna dalili za kukimbiza hospitali bila kungoja: pua moja tu ndiyo imeziba kila wakati, damu inayorudi rudi, usaha unaonuka, uso kuvimba, macho kuona vibaya, kifua kubana au kulia kama filimbi. Mtoto mdogo pua yake moja ikinuka, mara nyingi ameingiza maharagwe au punje ya mahindi humo. Usimpe dawa ya homa, mpeleke itolewe.

Vitu tunavyopewa ambavyo havitusaidii

Antibayotiki. Hizi zinaua bakteria. Mzio hauna bakteria. Nimemezeshwa za kutosha utotoni, na kila mara tulisema "zimefanya kazi" kwa sababu msimu ulikuwa umebadilika.

Matone ya kuzibua pua papo hapo, yenye zailometazolini au oksimetazolini. Yanafanya kazi ndani ya dakika chache, na ndiyo hatari yenyewe. Ukiyatumia zaidi ya siku tano hivi, pua inaanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unaongeza, inaziba zaidi. Kuna DJ namjua hapa mjini anabeba chupa mfukoni kama chaja. Bila hiyo halali. Hana tena shida ya mzio pekee, ana shida ya chupa.

Vidonge vidogo vya manjano, klorofeniramini. Hivi ni vya zamani na ni rahisi, na ndivyo kemisti anakupa kabla hujamaliza sentensi. Vinazima chafya, ndiyo, lakini vinaingia kwenye ubongo na kukulaza. Sasa mwenye boda anameza kimoja saa mbili asubuhi, anapakia abiria wawili, anashika barabara ya Webuye. Hiyo si tiba, hiyo ni ajali inayosubiri kona. Na kwa mwanafunzi: mwaka wa 2007 Uingereza watafiti walichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 1,800 waliokuwa wanafanya mtihani wa kitaifa. Waliokuwa na dalili za mzio siku za mtihani walikuwa na uwezekano wa asilimia 40 zaidi wa kushuka gredi kutoka mtihani wa majaribio hadi ule wa mwisho. Waliokuwa wanatumia dawa za aina ya kulaza, karibu asilimia 70 zaidi. Soma hiyo tena ukiwa na mdogo wako wa KCSE akilini.

Sindano ya "kumaliza aleji mara moja." Ni steroidi nyingi zinazowekwa mwilini mzima kwa wiki kadhaa kwa sababu ya pua. Miongozo haiipendekezi.

Mvuke wa mama? Unalegeza kamasi kwa muda, na unatuliza kwa sababu mtu anakujali. Lakini hauponyi mzio, na maji yanayochemka karibu na mtoto chini ya shuka yamechoma watu wengi.

Vitu vinavyosaidia

Anza na kitanda. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, digrii 60 hivi, hayo ndiyo yanaua utitiri. Blanketi na godoro zitoke juani. Kukhu alikuwa anatoa kila kitu nje Jumamosi, anapiga godoro kwa fimbo, na sisi tukidhani ni usumbufu tu wa wazee. Jua linakausha na kuua, lakini kinyesi cha utitiri kinabaki, ndiyo maana kupiga na kufua ni lazima. Mwenye mzio asiwe ndiye anayepiga. Fagia baada ya kunyunyiza maji, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Fungua madirisha. Nikuambie ukweli lakini: kusafisha peke yake mara nyingi hakutoshi, hasa kwa nyumba ya chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na studio viko pamoja.

Maji ya chumvi. Nusu kijiko kidogo cha chai cha chumvi kwa kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Yachemshe, usitumie ya mfereji moja kwa moja. Unaosha pua asubuhi na jioni. Bei yake ni ya chumvi.

Tembe mpya, setirizini au loratadini, mara moja kwa siku. Hazilazi kama zile za manjano, ingawa setirizini bado inaweza kukupa usingizi kidogo, kwa hivyo ijaribu jioni kwanza. Ni nzuri kwa chafya na kuwashwa. Kwa kuziba, si sana. Umekumbuka ile awamu ya pili?

Kwa kuziba na kwa mzio wa kudumu, silaha kuu ni dawa ya steroidi ya kupuliza puani: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni, mometasoni. Najua neno steroidi linawafanya mfikirie majamaa wa jimu. Tulia. Kipimo ni kidogo, kinafanya kazi papo hapo ndani ya pua, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Budesonidi ya puani iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto aitumie akiangaliwa na daktari, kwa sababu wanafuatilia urefu wake. Mwenye mimba aulize kwanza.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaitupa chupa wakisema haifanyi kazi. Haifanyi kazi leo. Inajenga polepole, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili. Unaitumia kila siku hata ukijisikia vizuri. Na mkono una mbinu: inamisha kichwa mbele kidogo, usikitupe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua. Vuta taratibu. Ukivuta kama ugoro, dawa yote inaenda kooni, na ukipuliza kwenye ule ukuta wa katikati, utatokwa damu.

Pesa je? Chupa nyingi zina mipulizo kama 120. Ukianza na miwili kila tundu, ni minne kwa siku, siku 30. Ikitulia, daktari anaweza kukushusha hadi mmoja kila tundu, hapo inakufikisha siku 60. Bado ni pesa, sitadanganya. Kwa mama wa kibanda ni siku kadhaa za sukuma. Lakini mara ya mwisho nilikaa na mama tukajumlisha shira za homa, antibayotiki na matone ya mwaka mmoja, na yeye ndiye aliyenyamaza kwanza. Ukienda duka la dawa, uliza kwa jina la dawa, si la kampuni, na uulize kama kuna ya bei nafuu.

Ikishindikana kabisa kuna tiba ya kumzoesha soja: unapewa kile unachokataa kwa dozi ndogo zinazopanda, kwa sindano au chini ya ulimi, kama miaka mitatu. Leonard Noon alichapisha jaribio lake la kwanza London mwaka 1911, kwa hivyo si uchawi mpya. Ila inahitaji mtaalamu na mfuko.

Maoni yangu sasa

Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Watu wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia, na pua isiyotibiwa inaifanya pumu kuwa ngumu kudhibiti. Kwa hivyo dadangu akikohoa usiku, mimi sisikii homa. Nasikia mlango wa pili ukifunguliwa.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka kila shule ya bweni ambayo ina mtu wa kupekua masanduku iwe pia na mtu wa kuuliza maswali sita. Macho mekundu ya asubuhi, kila asubuhi, kwa mtoto anayepiga chafya akitandika kitanda, yanajibiwa na tochi na daftari. Blanketi zianikwe mara moja kwa wiki. Mwenye mzio asipewe zamu ya kufagia bweni kama adhabu. Hizi zote hazihitaji bajeti ya kaunti.

Na nyumbani, tuache kusema "si ni homa tu." Sema idadi ya wiki. Ukifika kwa kemisti usiseme "nipe dawa ya homa." Sema "nina chafya na pua imeziba kwa wiki kumi na mbili, inawasha, macho pia, haina joto la mwili." Sentensi hiyo moja inabadilisha dawa utakayopewa.

Juzi mama ameniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa ameshika ile chupa ya dadangu, anaisoma upande wa nyuma ingawa maandishi ni madogo. "Sasa hii atatumia mpaka lini?" Nikamwambia ukweli, kwamba mzio hauponi kwa dawa hii, unatulizwa, kwa wengine hupungua wakiwa watu wazima, kwa wengine la, na huenda akaihitaji misimu mingi. Akaiweka juu ya kabati, mahali pa dawa za presha za baba, akasema, "Basi nionyeshe vile inapulizwa, ili nimkumbushe."

Nikamwonyesha. Mkono wa kulia, tundu la kushoto.